Kasha la bunduki lisipofika: jibu kwa msomaji wa Mwanza anayekwenda kuwinda Limpopo

Swali: "Shikamoo mzee. Niko Ilemela, nilisoma chuo cha wanyamapori Pasiansi, na nimefanya kazi na kampuni za uwindaji wa kitalii miaka kumi na miwili, Maswa na Moyowosi. Mgeni wangu wa zamani amenialika nikawinde naye tandala Limpopo, Afrika Kusini, mwezi wa saba, siku sita. Nataka kwenda na bunduki yangu mwenyewe, .30-06, ninayoimiliki kwa leseni. Nitapanda ndege Mwanza hadi Dar, kisha Dar hadi Johannesburg. Shemeji yangu alipotelewa na begi mwaka jana, akalipata baada ya siku tisa likinuka samaki. Nguo zangu zikipotea nitavumilia, lakini kasha la bunduki lisipofika nafanyaje? Nani ananilipa? Na je, naweza kumbebea mwenyeji wangu dagaa kidogo wa huku kwetu?"

Jibu:

Marahaba mwanangu. Mwambie shemeji yako alikuwa na bahati. Siku tisa si nyingi, na begi kutoka uwanja wa Mwanza likinuka samaki ni jambo la kawaida kama muhuri kwenye pasipoti. Maboksi ya sato na sangara yanayopanda ndege kwenda Dar hayaheshimu majirani; barafu ikiyeyuka, maji yake huteremkia begi la mwingine na kulowesha hata stika yake. Likumbuke hilo la stika, nitalirudia.

Kabla ya kustaafu na kurudi huku ziwani nilikaa miaka mingi nyuma ya dawati la mizigo iliyopotea. Abiria wenye bunduki walikuwa wachache, lakini mmoja wao alikuwa anatosha kunimalizia siku nzima. Begi la nguo likichelewa, kazi ni ya shirika la ndege peke yake. Likionekana linabandikwa stika ya haraka, linapanda ndege inayofuata bila mwenyewe, na dereva analipeleka hotelini. Kasha la bunduki halipelekwi hotelini na dereva yeyote. Kwa shirika la ndege ni mzigo, lakini kwa polisi wa nchi unayoingia ni silaha, na polisi wanataka kuona vitatu kwa wakati mmoja: bunduki, kibali chenye namba yake, na wewe mwenye jina lililo kwenye kibali. Kimoja kikikosekana, viwili vinasubiri. Ndiyo maana, kabla ya kuuliza nani atakulipa, jiulize utakuwa wapi siku kasha litakapotokea. Ukiwa porini mwendo wa saa tatu au nne kutoka uwanjani, italazimu mtu akurudishe Johannesburg ukalipokee mwenyewe, na hapo siku moja kati ya sita imekwisha.

Kwa kawaida kasha kama hilo haliibwi. Linaachwa nyuma. SITA, kampuni inayoendesha mifumo ya mawasiliano ya viwanja vya ndege duniani, ilihesabu kwamba mwaka 2023 mabegi 6.9 kwa kila abiria 1,000 yalichelewa, yalipotea au yaliharibika, na karibu nusu yake yalikwama pale abiria alipobadili ndege. Kwenye safari yako pahali hapo ni Dar es Salaam. Kwa hiyo tuanzie hapo.

Tikiti yako ni moja au ni mbili? Watu wengi wa Mwanza hununua ya Dar kivyake kwa sababu ni rahisi, halafu ya nje kivyake. Kwa begi la nguo hilo halina neno sana. Kwa bunduki lina neno. Tikiti ikiwa moja, kipande cha Mwanza hadi Dar kinahesabika kuwa sehemu ya safari ya kimataifa, na kanuni za kimataifa nitakazozitaja chini zinakilinda. Zikiwa mbili, ile ndege ya kwanza ni safari ya ndani tu. Ikichelewa ukaikosa ya Johannesburg, kila shirika litakuonyesha kidole kuelekea kwa mwenzake. Nunua moja kama inapatikana. Na iwe moja au mbili, usipange kuunganisha ndege siku hiyohiyo. Bunduki inatoka nchini kupitia Dar, kwa hiyo polisi wa uwanja na watu wa forodha wana haki ya kutaka kuiona pale, na hakuna anayekimbia kwa sababu wewe una ndege baada ya dakika hamsini. Mimi ningelala Dar. Ukilala, ongea mapema na polisi wa uwanja juu ya kuihifadhi usiku huo. Usiiache kwenye buti la gari la ndugu yako, hata kama ndugu huyo ni mchungaji.

Pale Mwanza penyewe kuna jambo wageni hawalijui ila sisi tunalijua. Ukipangiwa ndege ya pangaboi siku ya joto, imejaa abiria na maboksi ya samaki, kilo zitapigiwa hesabu, na kitakachoshushwa mara nyingi ni kile kirefu kisichopangika. Ndio kasha lako. Andikia shirika mapema, kwa barua pepe na si kwa simu, kwamba unasafiri na silaha: taja aina, urefu wa kasha na uzito. Mashirika mengine yanadai taarifa ya saa 48, mengine zaidi, na mengine hayabebi silaha kabisa kwenye njia fulani. Jibu lao lichapishe ulibebe. Karatasi ile imewahi kuwanyamazisha wasimamizi wengi mbele ya macho yangu.

Ukishakabidhi kasha, usikimbilie kupita ukaguzi ukaenda kunywa soda. Bunduki inatakiwa iwe tupu, ndani ya kasha gumu lililofungwa kwa kufuli, na ufunguo uwe kwako. Mkaguzi akitaka kuona tena ndani na wewe uko chumba cha kuondokea na ufunguo mfukoni, hatavunja kufuli na wala hatakutangaza mara tano. Ataliweka kando. Niliona hili mara nyingi kuliko sababu nyingine yoyote: mtu anapaa, kasha liko chini, na hakuna aliyekosea ila mfuko wa suruali yake. Kaa karibu na kaunta angalau nusu saa, na kabla ya kuondoka muulize yule binti au kijana, kwa jina lake: "Limepita?"

Karatasi sasa. Unahitaji leseni yako halisi, kibali cha polisi cha kuitoa silaha nchini na kuirudisha, na ithibati kwamba uliionyesha forodha wakati wa kutoka, maana bila hiyo siku ya kurudi unaweza kuonekana unaingiza bunduki mpya. Kwa upande wa Afrika Kusini kuna fomu ya polisi wao inayoitwa SAPS 520, ya kuingiza silaha kwa muda. Ijaze kwa kalamu nyeusi lakini usiisaini nyumbani. Sahihi inawekwa mbele ya ofisa. Iambatane na barua ya mwaliko ya mwenyeji wako, nakala ya pasipoti, ushahidi wa umiliki na tikiti ya kurudi. Namba ya bunduki kwenye karatasi zote iwe ileile, herufi kwa herufi. Nimewahi kumwona mtu akikaa usiku kucha kwa sababu karani wa kwao aliandika herufi "O" mahali pa sifuri. Ipige picha ile namba ilivyochongwa kwenye chuma, uihifadhi kwenye simu, na nyingine mtumie mkeo.

Na kama siku moja mwaliko utakuwa wa Ulaya, ujue kwamba kuna nchi zinazotaka kibali hata kama bunduki inapita tu kutoka ndege hadi ndege bila kutoka uwanjani. Uholanzi ni mojawapo. Karatasi hiyo ikikosekana kasha linazuiwa njiani, na mwenyewe anatua kwa furaha upande wa pili akisubiri kwenye mkanda wa mizigo kitu ambacho hakitatokea.

Kuhusu risasi, kanuni ya usafiri wa anga ni kilo 5 kwa abiria mmoja, uzito pamoja na vifungashio, na hamwezi kuunganisha mkasema sisi wawili tuna kilo kumi kwenye boksi moja. Afrika Kusini nao wanaweka kikomo cha risasi 200 kwa kila bunduki. Hayo yote hayakuhusu sana, kwani kwa tandala mmoja au wawili na siku sita, risasi arobaini zinatosha na zinabaki, na uzito wake ni kilo moja na kitu. Ziwe kwenye pakiti zake za kiwandani, ndani ya kiboksi chenye kufuli. Uliza shirika lako kama wanataka kiboksi hicho kiwe ndani ya kasha la bunduki au kwenye begi jingine; hapa mashirika hayakubaliani, na karani aliyezoea utaratibu mmoja anaweza kukukatalia mwingine. Baruti ya kujazia risasi haiendi kabisa.

Lakini hatari ya risasi kwa watu wa kazi yako haiko kwenye kiboksi. Iko kwenye koti. Wewe umevaa koti lilelile la porini miaka kumi na miwili. Lina mifuko ya nje, mifuko ya ndani, na bitana iliyotoboka ambamo vitu huzama. Nilikuwapo siku mzee mmoja wa heshima zake, mwindaji, alipozuiwa kwenye mashine ya ukaguzi kwa risasi moja tu iliyokuwa imejificha kwenye pindo la mkoba wa bega. Alikuwa na leseni, alikuwa na vibali vyote, na risasi ile ilikuwa ya bunduki yake mwenyewe iliyokuwa tayari imepakiwa kihalali chini ya ndege. Haikumsaidia. Risasi kwenye mzigo wa mkononi ni kosa bila kujali iliingiaje. Ndege iliondoka, kasha lake likashushwa kwa sababu mwenyewe hakupanda, na jioni aliipitisha kituoni akiandika maelezo. Siku tatu kabla ya safari geuza kila mfuko nje ndani, papasa bitana kwa vidole, kunguta mkoba juu ya shuka jeupe. Afadhali zaidi, mkoba wa porini uupakie kwenye begi la chini na mkononi ubebe mwingine usiowahi kuona msitu.

Mkononi beba vile ambavyo ukivikosa hutawinda hata kama mwenyeji atakuazima bunduki: darubini yako ya macho, dawa, miwani, nguo moja ya porini, soksi, na karatasi zote halisi. Viatu vya porini safiri navyo miguuni. Vitakuunguza Mwanza na watu watakucheka, lakini bunduki ya kuazima inawezekana na kiatu cha kuazima hakiwezekani. Muulize yeyote aliyefuata nyati siku nzima kwa kiatu kipya. Pawabanki na betri za akiba ni za mkononi kwa kanuni, haziruhusiwi chini. Kisu ni cha chini. Bolti ya bunduki nayo ni ya chini. Wapo wanaofikiri wakiitoa na kuibeba mkononi wameweka usalama, kumbe wamebeba kipande cha silaha ndani ya ndege. Skopu, ile darubini ya kulengea iliyo juu ya bunduki, wengine huifungua wakaibeba mkononi kwa sababu ni ghali. Ukifanya hivyo lazima upige shabaha upya ukifika, ila kwa maoni yangu utapiga upya vyovyote vile baada ya wapakiaji wa viwanja vitatu kulitupatupa kasha, kwa hiyo mimi ningeiacha mahali pake kwenye sponji nene.

Turudi kwenye stika. Stika ya begi ina tarakimu kumi, na mashine za viwanja vikubwa husoma mistari yake tu. Ikilowa au ikichanika, begi halina jina tena. Hapo kinachotafutwa ni maelezo. Viwanja vya dunia hutumia mfumo mmoja unaoitwa WorldTracer: upande mmoja huandikwa mabegi yanayotafutwa, upande mwingine mabegi yaliyookotwa, na mfumo unalinganisha. Tatizo ni kwamba kila mtu ana begi jeusi lenye magurudumu, na kila mwindaji ana kasha jeusi la plastiki gumu. Kinacholikomboa ni kitu kisicho cha kawaida ndani yake. Mama mmoja wa Ukerewe alipotelewa begi akielekea kwa bintiye Ulaya. Nilipomuuliza kulikuwa na nini ndani akaniambia nguo. Nikamwambia mama, nguo kila mtu anazo. Akafikiri, akasema kuna kanga imeandikwa "Mgeni njoo mwenyeji apone". Nikaandika maneno yale vilevile kwa Kiswahili. Siku ya nne karani wa uwanja wa mbali, ambaye hajui hata "jambo", aliyalinganisha herufi kwa herufi na kitambaa alichokikuta kwenye begi lisilo na stika. Weka kitu cha namna hiyo ndani ya kila mzigo, na karatasi yenye jina, namba ya simu na anwani ya unakokwenda. Nje ya kasha andika jina na simu tu. Hakuna sababu ya kumtangazia kila mpita njia kwamba ndani mna bunduki.

Kile kidude cha kufuatilia, AirTag au mfano wake, kinaruhusiwa kwenye mzigo wa chini, nawe kibandike ndani ya sponji. Hakilirudishi kasha, ila kinakuokoa na jibu la "liko njiani" wakati simu yako inaonyesha liko Dar.

Sasa umetua Johannesburg, uwanja wa O. R. Tambo. Usisimame kwenye mkanda wa mizigo ukisubiri kasha, kwa kuwa silaha hupelekwa na watu wa shirika la ndege kwenye ofisi ya polisi ya silaha hapo uwanjani. Chukua begi lako la kawaida, nenda pale, na usubiri. Saa moja si ajabu. Lisipotokea, anza na dawati la mizigo la shirika lililokuleta, kabla hujatoka nje ya ukumbi. Hapo unaandikisha ripoti inayoitwa PIR, na unapewa kumbukumbu ya herufi tano na tarakimu tano: herufi tatu za uwanja, mbili za shirika, kisha namba. Kwa namba hiyo utafuatilia kwenye intaneti. Hakikisha karani ameandika kwamba ndani kuna silaha, na ameandika aina na namba yake. Wengi huogopa kusema, wakidhani watajiletea matatizo. Kinyume chake: silaha iliyozagaa ni jambo linalowanyima usingizi wakubwa wa usalama wa uwanja, na faili lake halikai chini ya rundo. Chukua jina la karani na muda wa ndege inayofuata kutoka Dar.

Kisha rudi kwa polisi. Hatua hii ndiyo wengi wanaisahau, na ndiyo iliyonifanya nikuandikie jibu refu hivi. Waeleze kwamba bunduki iliyotajwa kwenye fomu haijafika, waonyeshe PIR, na hakikisha hakuna anayegonga muhuri unaosema imeingia. Ofisa aliyechoka, mwenye foleni ya Wamarekani nyuma yako, anaweza kugonga ili muendelee na mambo yenu, akikuambia utaipokea baadaye. Kataa kwa adabu. Muhuri ukigongwa na bunduki haipo, kwenye vitabu vya Afrika Kusini wewe umeingiza silaha, na siku ya kutoka utaulizwa iko wapi. Ukisema shirika la ndege lilipoteza, wataangalia muhuri, wataangalia uso wako. Kibali ambacho hakijagongwa kinakusubiri tu hadi utakaporudi kulipokea kasha.

Ufunguo usimwachie mtu. Kuna makarani watakaokuomba kwa nia njema ili "walipitishe". Huwezi kupitishiwa silaha.

Usiku wa kwanza, kama mwenyeji wako anakubali, laleni karibu na uwanja, kule Kempton Park kuna nyumba za wageni nyingi. Kasha likija na ndege inayofuata unalipokea asubuhi na mnaondoka. Lisipokuja, nendeni Limpopo, uwinde na bunduki ya kukodi. Mashamba mengi ya uwindaji kule hukodisha, na mgeni wako anajua. Mwombe leo hii akuulizie, isiwe siku ile. Mwambie akutafutie .30-06 au .308. Nchi ile zimejaa.

Pesa. Tanzania na Afrika Kusini zote ni wanachama wa Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, na huo ndio utakaokulinda. Mzigo ukichelewa, shirika linawajibika kwa hasara uliyoipata kwa ucheleweshaji, isipokuwa lithibitishe lilifanya kila lililowezekana. Kwa hiyo tunza risiti: nguo ulizonunua, mswaki, na ya kukodi bunduki pia, idai, ingawa wataibishia. Nunua vitu vya kiasi. Aliyepoteza fulana akanunua suti nimemwona akirudi kwangu na machozi. Kasha likifika na kitu kimevunjika, andika malalamiko ndani ya siku 7 tangu ulipopokea. Likiwa limechelewa tu, ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Zikipita siku 21 tangu siku lilipopaswa kufika na halijaonekana, unaruhusiwa kudai kama mzigo uliopotea. Mahakamani una miaka miwili, basi. PIR peke yake usiihesabu kuwa malalamiko. Andika barua, tuma kwa barua pepe, tunza nakala.

Kuna dari, na dari hiyo inaumiza watu wa bunduki. Tangu tarehe 28 Desemba 2024 kikomo cha fidia kwa mizigo ni SDR 1,519 kwa abiria, yaani ile sarafu ya mahesabu ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Kabla ya hapo ilikuwa 1,288. Ni kama dola elfu mbili za Marekani, shilingi milioni tano hivi. Hicho ni kikomo cha juu kwa mizigo yako yote, nguo na kasha pamoja, na utatakiwa kuonyesha thamani ya kila kitu. Skopu nzuri peke yake inaweza kula zaidi ya nusu. Njia iliyopo ndani ya mkataba wenyewe ni kutoa tamko maalumu la thamani wakati wa kukabidhi mzigo na kulipia ada ya ziada. Dari inapanda hadi kiasi ulichotamka. Makarani wengi hawajawahi kuombwa, watakushangaa, watamwita msimamizi. Subiri msimamizi. Njia nyingine ni bima ya safari, lakini soma yale maandishi madogo, kwa sababu bima nyingi huitoa silaha nje kwa mstari mmoja. Shirika likikuambia masharti yake hayalipi vifaa vya thamani au vioo, usikate tamaa upesi: kwenye safari ya kimataifa sharti linalopunguza wajibu chini ya mkataba ni batili. Wana haki ya kubishana kama ulifunga vizuri, ndiyo maana nikasema sponji nene, na picha ya kasha likiwa wazi dakika tano kabla ya kulifunga.

Wakikuzungusha ukiwa umesharudi, Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, ina baraza la watumiaji wa usafiri wa anga, na kupeleka lalamiko pale kuna uzito wake.

Siku ya kurudi mambo ni yaleyale kwa kinyumenyume, na moja la nyongeza. Kama bunduki itakwama na wewe umefika Dar au Mwanza, usimtume binamu wa Dar akaichukue hata kama ana kitambulisho chako, barua yako na upendo wote. Ni wewe. Na mara tu shirika litakapokubali kwamba haijulikani iko wapi, nenda kituo cha polisi kilichohusika na leseni yako, toa taarifa, chukua RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi. Usingoje siku 21 kwa polisi. Hizo ni za madai ya fedha. Silaha yenye jina lako ikiokotwa kwenye tukio la uhalifu wiki ya pili, RB ya wiki ya kwanza ndiyo itakayokutofautisha na mshukiwa.

Umeniuliza niseme ukweli, ingawa hukuuliza hivyo. Kwa siku sita, mara ya kwanza, ningeiacha bunduki nyumbani nikakodi. Lakini mimi nimezeeka nikihesabu hasara za watu, na najua mtu aliyebeba bunduki za wageni miaka kumi na miwili ana sababu zake za kutaka kusimama siku moja na ya kwake. Nenda nayo. Lala Dar, na koti ulipapase.

Dagaa hapana. Vyakula vya samaki vina ukaguzi wake mpakani, na wewe tayari utakuwa mezani kwa ofisa mmoja. Usijitafutie wa pili, tena mwenye mbwa. Pita soko la samaki la Mwaloni ukawasalimie tu. Mnunulie mke wa mwenyeji wako kitenge kizuri, kikunje uweke ndani ya kasha juu ya sponji, na ukiandika orodha ya vilivyomo, eleza maua yake na rangi zake moja moja.